Damu Isiyoganda

Tulitoka Manyatta asubuhi bila mpango, jambo ambalo kwangu ni la kawaida na kwa dada yangu mdogo ni kama homa. Mimi niliacha shule kidato cha pili na tangu hapo nimekuwa mtu wa kuhama. Nimepakia mchanga Kiritiri, nimechuna chai, nimelinda duka la mtu. Yeye yuko mwaka wa mwisho chuoni, anasomea sayansi ya uchunguzi wa jinai. Nilikuwa nimepita kwake kumsalimia tu, nikakaa, kwa sababu masomo yake yalininasa. Nilimuuliza maswali mpaka akaanza kujifanya amelala.

Mradi wake ulikuwa kuonyesha jinsi damu inavyoganda na kukauka juu ya udongo mwekundu, mchanga na saruji, ili mpelelezi akiikuta aweze kukisia imekaa hapo kwa muda gani. Damu ya mbuzi alikuwa akipewa na mama mmoja anayeuza mutura, yale matumbo yanayojazwa nyama na damu, sokoni. Aliimwaga juu ya saruji, ikatambaa, ikabaki majimaji. Akarudia, ikawa vilevile. Mhadhiri wake aliiangalia akasema, "Hii ni rangi. Damu isipoganda huna mradi, na bila mradi wenzako watavaa joho ukiwatazama."

Jioni tulirudi kwa yule mama. Tulimkuta ameinamia beseni, anakoroga damu kwa kijiti.

"Mama, mbona unakoroga?" dada akauliza.

"Nisipokoroga itakuwa kama maini. Sasa matumbo nitayajaza nini, maini?"

Dada aliomba kile kijiti. Kilikuwa kimezongwa na nyuzi nyeupe, kama sufi iliyolowa.

"Ona, brathe," aliniambia. "Hizi ndizo zinazoishika damu igande. Zote zimetolewa."

Alijicheka kwa hasira. Nyumbani kwetu, mbuzi akichinjwa, sisi wawili ndio tuliokuwa tukiitwa kukoroga. Alikuwa amesoma habari za nyuzi hizo mwaka wa pili na kufanya mtihani juu yake, na bado hakuwahi kufikiria kijiti cha mutura. Tukauliza kwingine, jibu likawa lile lile: damu ikitoka tu, ina mwenyewe, na inakorogwa ikiwa bado na joto.

Ndipo asubuhi tukajikuta kituoni, kila mtu na begi lake.

"Tunaenda wapi?" nilimuuliza.

"Mahali watu hawali damu."

Halafu nikakumbuka nimewahi kusikia kwamba mjini Meru kuna mtaa wa zamani wa Waislamu, Majengo. Hakuna kati yetu aliyewahi kufika huko. Tukapanda gari la Meru.

Majengo hatukuhitaji kuuliza sana. Tulifuata msikiti, kisha maduka ya nyama. Mchinjaji mmoja alikuwa ndio kwanza amalize mbuzi uani. Damu ilikuwa imeachwa kwenye karai, haijaguswa. Dada aliinama, akaliinamisha karai kidogo. Damu haikusogea. Ilitikisika yote kwa pamoja, kama ugali laini.

"Unaitaka?" mchinjaji akauliza. "Chukua yote. Mnaenda kupika nini?"

"Hatupiki. Ni mradi wangu wa chuo, nitakuwa naimwaga chini, naiangalia."

"Basi! Mimi naimwaga kila siku na hakuna aliyenipa digrii."

Alicheka peke yake, kisha akakubali: akichinja, atamwita. Lakini alihitaji kuimwaga ingali majimaji, na damu ingeganda kabla ya kufika hata stendi, seuze Manyatta. Ilibidi dada apate chumba karibu, karibu kabisa.

Mchinjaji alituelekeza nyumba ya pili, kwa bibi mmoja aliyekuwa akipangisha vyumba. Huko Kiswahili ndicho kinachosemwa nyumbani, kwa hiyo tulikinyoosha chetu tulivyoweza. Chumba kilikuwapo. Nilimkonyeza dada anyamaze kuhusu damu, lakini akaeleza yote.

"Damu ndani ya nyumba yangu?" bibi akasema. "Hapana, mwanangu. Humu watu wanasali."

"Si ndani, bibi. Hata uani, kwenye pembe tu."

"Na ikirukia nguo za watu?"

"Nitamwaga mbali na kamba. Na nikimaliza nitaosha mpaka wewe mwenyewe uridhike."

Bibi akanigeukia. "Na huyu naye anasomea damu?"

"Huyu hasomi. Anauliza tu."

"Basi ataulizia huko nje. Chumba ni cha msichana."

Alitupeleka nyuma ya nyumba, kwenye sakafu ya saruji iliyobaki baada ya jiko la zamani kubomolewa. Ilikuwa na nyufa na kando yake kulikuwa na bomba. Dada alipiga magoti, akaipapasa kwa kiganja.

"Jua linafika hapa asubuhi?"

"Linafika," bibi akasema. "Kwanza fagia."

Dada aliweka begi chini, akaenda kutafuta ufagio. Mimi nikatoka kwenda kuuliza pa kulala.