Rauta Yangu Kwenye Ndoa ya Mwanaidi

Naona haya hata kuandika, lakini kosa langu la kwanza katika kazi hii ya mitandao nililifanya kwa ndugu zangu, Pangani, mbele ya sheikh: nilichomeka rauta ya pili bila kuizuia isigawe anwani.

Ilikuwa ndoa ya binamu yangu Mwanaidi. Baba yake, Ami Bakari, yuko Maskati, mwajiri kamnyima likizo, kampa ruhusa fupi tu baada ya adhuhuri, naye kaapa kwamba binti yake wa pekee atamwozesha kwa kinywa chake, kwa video. Sheikh alikubali, kwa sharti amwone uso. Kazi ya mtandao nikapewa mimi (fundi niliyejifunza peke yangu, na usingizi ulinikimbia tangu juzi yake).

Ndani palikuwa na rauta inayofanya kazi vizuri. Ningeiacha. Lakini mimi kitu kikiwa "kinatosha" situlii, na uani walipokaa wanaume mawimbi yalikuwa hafifu, basi nikaleta rauta yangu kutoka chumbani kwangu Makorora, nikavuta waya, nikaunyoosha ukutani utadhani napiga pasi, nikajaribu kwa simu yangu mara chungu nzima na kila mara ikakubali. Kumbe simu yangu ilikuwa bado inatumia anwani iliyopewa jana na rauta ya ndani. Simu inayoingia upya huuliza nani ataipa anwani, yaani namba zake za kupitia mtandaoni, na anayejibu kwanza ndiye inayemfuata, hata kama hajui njia. Rauta yangu ilikuwa na haraka ya kujibu, na njia ya kwenda nje haikuwa nayo.

Sheikh akaketi, tableti ya kumpigia Ami Bakari ikawashwa: mawimbi yamejaa, video haifunguki. Nikaizima, nikaiwasha, vilevile. Hapo nikapata wazo (Mungu anisamehe) la kuwaambia watu wote, mpaka wanawake waliokuwa ndani wakiongea na ndugu zao wa Mombasa, wazime waifai na kuiwasha upya ili kupunguza msongamano. Wakatii. Nyumba nzima ikakatika.

Shangazi Mwanjaa akachungulia mlangoni. "Twaha mwanangu, sisi Mombasa tulikuwa tunaiona, mpaka ulipotufundisha kuzima na kuwasha."

Wanaume wakacheka. Rafiki mmoja wa bwana harusi akaniuliza kwa upole, "Kaka, au umetumwa na yule mchumba wa kwanza wa bibi harusi, uje kuivuruga ndoa?"

Wakajaribu bando la simu, lakini kwenye kuta zile nene picha iliganda na sauti ikawa vipande vipande, sheikh akatikisa kichwa. Mimi nimeinamia tableti, ndipo nikaona namba za anwani yake: ni zilezile za chumbani kwangu Makorora. Nikasimama, nikapita katikati ya kanzu zote zile, nikachomoa rauta yangu mwenyewe. Tableti ikaingia upya, mtandao ukarudi. Tukampigia Ami Bakari. Hapokei.

Baadaye kidogo simu ya mdogo wake, Ami Saidi, ikaita, ya kawaida, si ya video; ni Ami Bakari, akaiweka sauti ya juu.

"Saidi, muozeshe wewe. Mie nimeshaitwa kazini."

Kwa kuteua wakili wa kuozesha kwa niaba yake, sheikh aliridhika na sauti, maana ndugu zake wote waliitambua. Ndoa ikafungwa, halali kabisa, pilau likaliwa.

Jioni nilikwenda kumwomba radhi Mwanaidi. Hakugomba, na ingekuwa afadhali angegomba. Aliniambia tu, "Nilitaka kumsikia baba akilitaja jina langu." Nikakusanya nyaya zangu.

Siku hizi, kabla ya kuchomeka rauta ya pili popote, naizuia kwanza isigawe anwani, kisha najaribu kwa simu ambayo haijawahi kuingia kwenye mtandao huo. Na siku ya shughuli ya mtu, kinachofanya kazi sikigusi.