Makali na Gurudumu la Ngozi

Pale buchani walimwita Makali, na jina alilipata kihalali: alinoa visu kwa jiwe tangu bosi hajaota ndevu. Siku moja bosi akaleta mashine ya kunolea, ile ambayo jiwe lake linazunguka likioga maji, na pembeni ina gurudumu la ngozi la kumalizia makali.

"Mzee, kwenye jiwe fanya ulivyozoea. Kwenye ngozi, geuza kisu kifuate mzunguko, la sivyo kinaichana. Ukishindwa, kazi nampa dada wa kaunta."

"Mwanangu, unamfundisha samaki kuogelea?"

Jiwe alilimudu mpaka wakata nyama wakapiga makofi. Kufika kwenye ngozi, akili ilikumbuka, ila mkono ukajiendea zake kama mbuzi aliyezoea njia ya kwao. Kraa! Ngozi ikachanika.

Ilipowekwa mpya, akaitwa dada wa kaunta, ambaye hajawahi kunoa hata penseli. Akaiweza siku hiyo hiyo. Mkono wake haukuwa na cha kusahau.

Sasa Makali anapiga deki. Kisu kikiwa butu, wakata nyama bado wanaita, "Makali, njoo!" Anakuja, anakipokea, anampelekea dada.