Mbegu ya Muhogo ya Wifi Yangu

Wifi yangu ana mkono mpana, na mkono huo ndio ulioniharibia shamba. Tunapakana huku Likoni kwenye ardhi aliyoacha mama mkwe wangu, kati yetu ua wa michongoma tu. Kila masika yakikaribia, hukata miti ya mihogo yake, akaifunga mafungu, akaigawa kwa ndugu na majirani kama anayegawa haluwa. Na kwetu mbegu ya wifi haikataliwi. Ukiikataa, umemkataa yeye na mama yake aliye kaburini.

Nilipokea miaka mingi. Juu mihogo ilipendeza, ila majani ya chini yalikuwa na manjano kandokando ya mishipa, nami nikadhani ni uzee tu. Ramadhani moja nikang'oa wa futari. Nikaumenya, nikaukata: ndani madoa makavu ya kahawia kama kutu. Wa pili vilevile. Bwana shamba alikwangua ganda la mti, akanionyesha michirizi. Ugonjwa umo ndani ya mti wenyewe, akasema, hauna dawa ya kupuliza. Ng'oa, choma, tafuta mbegu safi. Na nzi weupe wadogo huuvusha kutoka shamba moja hadi jingine.

Niling'oa mihogo yote. Nikanunua mbegu safi, nikaipanda pembe ya mbali kabisa na ule ua, kwa nia moja: ikikomaa nimkatie binti yangu, aliyekuwa ndiyo kwanza ameolewa Kisauni na kupewa kiwanja cha kulima. Kisha nikaenda kwa wifi.

"Wifi, nakuomba uing'oe. Inaumwa."

"Inayokuuma ni roho yako," akanijibu. "Mbegu ya mama hii, wallahi, imetulisha sote mpaka huyo mumeo. Palipo pabovu nakata, natupa. Panapobaki natia nazi, na hakuna aliyekufa."

Nikaung'oa mmoja wake nikaupasua mbele yake. Kahawia tupu. Akasema ni jicho langu la husuda. Mume wangu naye, mwanamume mzima, akaniambia nimwachie dada yake shamba lake. Tangu hapo namchukia yule mwanamke, na sioni haya kulisema. Angekuwa bahili ningemshukuru. Bahili angeua shamba lake peke yake.

Mihogo yangu ilikomaa. Nilipasua kadhaa, nyeupe pe, bila hata doa. Nikampigia simu binti yangu kwa furaha, aje achukue mbegu.

"Abee mama," akaitika. "Usijisumbue. Shangazi alikuja juzi na fungu zima, mbegu ya bibi. Nimeshapanda kiwanja chote."

Nilimfokea. Kwa nini hakuniuliza kwanza?

Akasema kwa upole, "Lakini mama, shangazi akinipa nitakataaje? Si wewe ulonifunza?"