Beseni la Msiba wa Babu Kwamena

Utafiti wa Ewurama Dontoh chuoni ulihusu tanzia ambazo watu wa Saltpond walizitoa kwenye tovuti ya mji wao. Alizisoma, akazinukuu, lakini hakuhifadhi hata ukurasa mmoja. Kisha tovuti ikafungwa. Msimamizi wake, Dokta Quainoo, hakumung'unya maneno: "Mwanangu, nionyeshe kurasa zenyewe kufikia Ijumaa. La sivyo, sura hii ya tasnifu yako tunaiondoa."

Ipo hifadhi ya mtandaoni inayotunza nakala za kurasa za zamani. Ewurama aliifungua, akaandika majina ya marehemu mmoja mmoja. Kimya. Hifadhi ile haitafuti kwa jina la mtu. Yataka anwani ya tovuti. Akaweka anwani aliyoijua, ikamletea kurasa za miaka ya karibuni tu, ilhali tanzia alizozinukuu zilikuwa za zamani. Hapo mwanzo tovuti ilikuwa na anwani nyingine, na hakuna aliyeikumbuka.

Jumatano alikaa jikoni kwa Shangazi Aba, amejikunyata kama kuku aliyenyeshewa.

"Umefiwa?" shangazi akauliza huku akiosha nyanya.

"Afadhali ningefiwa."

"Koma! Mzee aliyebaki humu ndani ni mimi!"

Ewurama akacheka bila kupenda, na macho yake yakatua kwenye beseni lenye nyanya. Lilikuwa la msiba wa babu yake, Kwamena. Kila mwombolezaji aliondoka na lake la kumbukumbu, lenye picha ya marehemu ubavuni. Chini ya picha kulikuwa na maandishi yaliyofifia: jina, umri, na anwani ya tovuti yenye tanzia yake.

Akamwaga nyanya mezani.

"We mtoto! Babu yako ameniogeshea nyanya miaka yote hii bila ugomvi!"

Ewurama alikwishafika dirishani na beseni, akiinakili anwani herufi kwa herufi kwenye simu, ndani ya hifadhi ile. Ukurasa ukafunguka taratibu: mshumaa uliochorwa, tanzia za miaka ile, na tarehe nakala ilipochukuliwa.

"Ya baba ipo?" shangazi akanong'ona.

"Ipo." Akamsomea majina ya wafiwa. Shangazi alikuwa wa mwisho.

"Nyuma ya Ekow? Ekow aliyekoroma msibani?"

Ewurama akamtumia msimamizi kurasa zile. Jibu lilirudi kabla mchuzi haujaiva: "Sura inabaki. Umezipataje?"

"Kwa beseni, Dokta," akaandika.

"Na lirudi basi," shangazi akasema. "Nyanya zangu zinazurura."