Mwalimu Agripina Alifundisha Kemia

Tumemzika jana, na leo asubuhi nimeshika simu nimpigie. Akili yangu imegoma kabisa.

Wengi humu hamumjui. Enzi za Ujamaa tulifundisha sekondari moja Kilosa, mimi Kiswahili, yeye kemia. Nyumba moja ya walimu, sufuria moja.

Kuna mada ilimnyima raha: jinsi joto linavyosogeza msawazo. Mimenyuko mingine ya kemikali huenda mbele na kurudi nyuma kwa wakati mmoja. Ukiipasha moto, inaegemea upande unaofyonza joto; ukiipoza, inaegemea upande unaolitoa. Wanafunzi waliikariri kama sala. Yeye alitaka waione.

Alikuwa na chumvi kidogo ya kobalti, akaiyeyusha kwenye maji yenye asidi. Juu ya jiko la mkaa ikawa buluu. Kwenye ndoo ya maji ilitakiwa igeuke waridi, lakini maji ya Kilosa wakati wa joto hayapozi kitu. Ikabaki zambarau. Darasa likacheka. Siku hiyo hata ugali hakugusa.

Akapanda lori hadi Mikumi, kwa binamu yake aliyekuwa mpishi kwenye hoteli ya watalii. Akarudi na pande la barafu ndani ya gunia, limezungushiwa pumba za mpunga.

Akakuta darasa tupu. Hedimasta kawapeleka wote Tindiga, kupalilia mahindi ya kijiji. Na alijua fika Agripina kaenda kufuata nini.

Nikamwambia, "Dada, acha. Mungu hajapenda."

"Mungu usimsingizie. Nishikie gunia."

Tukadandia trekta la kijiji, yeye kashika chupa ya ile chumvi iliyoyeyushwa. Kule shambani akatumia moto uleule wa kupikia wanafunzi. Maji ya moto, buluu. Barafu, waridi. Akairudisha kwenye maji ya moto, buluu tena. Majembe yakawekwa chini, kila mmoja akitaka kushika mwenyewe.

Binti mmoja wa wafugaji akauliza, "Kwa hiyo haijaharibika, Mwalimu? Inarudi?"

"Inarudi. Joto ndilo linaloamua iegemee wapi."

Hedimasta akatokea. "Mwalimu, hizi rangi zitapalilia?"

"Hapana, Mkuu. Watapalilia hawa. Na hawa wana mtihani."

Mwezi haukuisha, akapewa uhamisho: shule ya msingi, Malolo, akafundishe kilimo. Aliomba kurudishwa, akaomba tena. Jibu likawa subiri. Amesubiri mpaka amestaafu. Hakuingia maabara tena, na hakuna aliyewahi kumweleza kosa lake.

Jana makaburini wakasoma wasifu: "mwalimu hodari wa kilimo." Kemia haikutajwa hata kwa bahati mbaya. Nikanyoosha mkono, kijana wa ratiba akanishika bega. "Bibi, muda umetubana." Nikakaa.

Ndiyo maana naandika hapa, ambako hakuna wa kunikalisha.

Agripina dada yangu, walikunyima darasa lako. Huko uliko hakuna wa kukupa uhamisho. Pumzika, Mwalimu wa Kemia. Ulale kwa amani.