Neno kwa Shibiri

Bimkubwa, mzaliwa wa kisiwa cha Chula karibu na Kismayo, ana miaka thelathini na saba. Kwa miaka kumi na mmoja amezalisha wanawake katika zahanati moja ya Kismayo bila cheti chochote. Alijifunza kwa kutazama na kufanya. Mwaka jana chuo kimoja cha uuguzi Nairobi kilimpa nafasi ya kusomea ukunga kwa sharti moja: alete alama sita za mtihani wa Kiingereza. Akizipata, atarudi Chula na cheti, na mwanamke wa kisiwani hatapandishwa tena mashua na uchungu wake kutafuta mkunga mjini. Akizikosa, nafasi anapewa mwingine. Anayesema hilo ni jambo dogo hajawahi kuisubiri mashua hiyo.

Orodha aliyopewa ilikuwa na maneno elfu mbili ya Kiingereza. Kila alasiri, akitoka kazini, alikaa barazani na wifi yake Mwanapili wakisuka ukili wa mikeka, kazi waliyoizoea tangu usichana. Orodha aliibandika ukutani. Alishika neno moja, akalirudia mpaka ukili uongezeke shibiri, ndipo akahamia la pili. Hivyo ndivyo alivyoyapata maneno ya upungufu, ya tahadhari, ya uwezekano, na mengine yanayowatoa jasho wanafunzi wa sekondari.

"Wifi, hilo limekushinda tangu jana," Mwanapili alimchokoza. "Mkeka wangu utauzwa kabla hujalimeza."

"Uuze. Nami nitakuzalisha kwa Kiingereza."

"Mimi, na miaka hamsini na mbili? Kazalishe mbuzi."

Baada ya miezi saba orodha ilikwisha. Mwalimu wake wa Kiingereza, Nuha, binti aliyesomea Mombasa, akamketisha mezani kumjaribu kuzungumza. Swali lilikuwa jepesi: eleza kazi yako.

Bimkubwa alifungua kinywa, lisitoke neno. Mikono yake ilikuwa juu ya meza, imetulia kwa adabu.

"Dada Bimkubwa, jana ulinijibu kabla sijamaliza kuuliza."

"Jana nilikuwa nasuka, mwalimu."

Nuha akamletea miyaa ya kusukia ukili. Vidole vilipoanza kusuka, maneno yakaja yenyewe, moja baada ya jingine. Bimkubwa alikuwa ameyahifadhi vidoleni, na katika chumba cha mtihani hakiingii kitu ila kalamu na kitambulisho. Zilibaki wiki tatu kabla ya mtihani.

Nuha alishauri waahirishe. Bimkubwa alikataa, kwa kuwa chuo hakingeahirisha. Jioni ile alikaa barazani, akaikalia mikono yake miwili, akaanza kumsimulia Mwanapili kwa Kiingereza jinsi mtoto anavyozaliwa. Mwanapili hajui Kiingereza hata cha kuombea maji. Alisuka, akasikiliza, na kila alipoona bega la wifi yake likitikisika alimchapa kidogo kwa ukili.

"Tulia, mchu wee, mtu mzima wewe. Vidole hivyo."

"Hujui hata ninasema nini."

"Najua ukinyamaza. Na umenyamaza."

Siku ya kwanza zilitoka sentensi mbili. Wiki ya pili alisimulia uzazi mzima, akikwama na kujikwamua. Alipokosa neno hakulitafuta tena ukutani. Alizunguka kwa maneno mengine mpaka akafika. Ile orodha ilimpa maneno, lakini kuzungumza alifundishwa na mwanamke asiyeelewa alichosema. Wanaodai elimu hukaa madarasani tu wangeliona somo lile.

Mtihani aliufanyia Mombasa. Mtahini alimwambia aeleze siku aliyomsaidia mtu. Bimkubwa akasimulia habari za Sumeya, mwanamke wa Chula aliyejifungulia ndani ya mashua waliyopanda pamoja, kabla ya kufika Kismayo, kitovu kimemzunguka mtoto shingoni, na namna alivyokitoa bila kukivuta. Mikono yake ilikaa mapajani. Dakika mbili zilipokwisha mtahini alimkatiza, kisha, kinyume cha utaratibu, akauliza kama mtoto alipona.

"Anakimbia," akajibu kwa Kiingereza.

Matokeo yalimkuta zahanati, kati ya mama mmoja na mwingine. Alama sita kamili kwa jumla, na sita na nusu katika kuzungumza. Akampigia Mwanapili, akamwambia, akakata simu, akanawa, akarudi kwa mgonjwa wake.

Ameondoka Januari kwenda Nairobi. Masomo ni miaka mitatu. Wanawake wa Chula hawakusubiri: wameshaomba nyumba moja iliyohamwa iwe ya kuzalishia, wakaizibua madirisha, wakaipaka chokaa, na juzi wamepeleka kitanda.