Ndoo ya Mama Povu

Nianze na kosa langu, maana nikianza na sifa zake mtadhani siku zote nilimpenda. Barua iliyomwondoa Mama Povu kwenye matela niliiandika mimi, kwa mkono wangu huu, na madereva wenzangu kumi na mmoja wakaitia sahihi bila kuisoma. Mimi ndiye Pilipili. Jina hilo sikupewa kwa upole.

Mama Povu ni fundi wa mipira ya upepo na nyaya za taa katika yadi yetu ya malori. Zamani alikuwa mtunza stoo. Miaka sita alikaa nyuma ya dirisha la nondo akigawa grisi, balbu na ringi, mpaka akachoka kuwapa madereva walewale mipira mipya kila mwezi. Siku moja akafunga dirisha, akachukua ndoo ya maji ya sabuni na sifongo, akaenda kujionea mwenyewe hiyo mipira inaliwa na nini. Ikaanza kudumu. Meneja si mjinga, akamweka mtu mwingine dirishani.

Kwa asiyejua kazi yetu, kichwa cha lori na tela ni vitu viwili, na kati yao inapita mipira miwili ya upepo na waya mmoja mnene wa umeme. Mpira mwekundu unajaza tangi la tela. Wa njano unabeba amri ya mguu wako: ukikanyaga breki huku mbele, tela linapata habari kupitia huo. Waya unawasha taa za nyuma, ili anayekufuata ajue unataka kufanya nini. Hapo pakiharibika, tani thelathini zinakuja mgongoni kwako na hazisikii la mtu.

Utaratibu wa mama huyu ulikuwa hivi. Ukishaunganisha tela, anachomoa plagi ya taa, anasugua meno yake saba kwa msasa, anaichomeka tena, kisha anazunguka nyuma na kukupigia kelele: kushoto, kulia, breki. Akiridhika anakuja mlangoni kwako na kunyoosha kiganja. Unazima injini, unampa ufunguo, kwa sababu hawezi kusikia upepo unaovuja wakati lori linanguruma. Anautundika ufunguo kwenye kamba ya aproni. Wewe unakanyaga breki na kushikilia, yeye anapaka povu kila kiungo na kulikodolea macho kama maziwa yaliyo jikoni. Povu likichemka, pana tundu. Dakika ishirini nzima, na ufunguo huupati mpaka amalize, hata uwe umemwoa binti yake. Tulimtania kwamba anafua malori, tukauliza kama tulete na mashati. Alijibu tulete tu, ila mipira kwanza.

Siku ya barua nilikuwa na shehena ya saruji na haraka zangu. Povu likachemka kwenye kiungo cha mpira wa njano. Kidogo tu, hata kifaranga angepumua zaidi. Nilimwambia aache, akasema ringi ya ndani, kile kipete cha mpira kinachozuia upepo, imechoka, akaenda stoo kuchukua nyingine, na ufunguo wangu ukaenda naye kiunoni. Nikapandwa na mori. Nilimtolea maneno mbele ya yadi nzima ambayo siwezi kuyarudia nikiwa na akili zangu. Halafu nikaandika barua juu ya usukani: anatuchelewesha, anatudharau, arudishwe stoo. Alipokuwa anafunga ringi mpya, karatasi ilikuwa inazunguka kwa wenzangu.

Hakunijibu kwa ukali. Wala hakunitolea methali kuhusu haraka. Hizo tunazo tayari, tumezipaka rangi nyuma ya matela. Alinipa ufunguo pamoja na ile ringi kuukuu.

"Weka mfukoni, mwanangu," alisema. "Ukivuka ule mteremko, ikunje."

Nikampa meneja barua, nikaondoka.

Mteremko wenyewe ni mrefu na una kona mbaya karibu na chini. Nilipokata kona nikakuta foleni imesimama kabisa. Gari la mwisho lilikuwa dogo, na watoto wawili walikuwa wanachungulia kioo cha nyuma. Nilikanyaga breki mpaka nikainuka kitini. Tela likatii. Lilinivuta shati kwa nyuma, lori lote likatetemeka, tukasimama hatua nne hivi kutoka kwenye kile kioo. Mtoto mmoja akanipungia mkono. Nilimpungia, kisha nikaitoa ringi na kuikunja kwa vidole viwili. Ikakatika kama biskuti.

Nililia, na sioni haya kusema. Nilimshukuru Mungu, halafu nikamshukuru yule mama kwa sauti, peke yangu ndani ya lori, mpaka foleni iliposogea na walio nyuma wakanipigia honi.

Nilirudi yadini Jumatatu saa moja asubuhi. Mama Povu alikuwa nyuma ya dirisha la nondo, anahesabu balbu. Ndoo ilikuwa imefunikwa pembeni. Nikakimbilia kwa meneja kumweleza kwamba amekosea, naye akafungua droo taratibu na kunionyesha karatasi.

"Huu si mwandiko wako?" aliuliza. "Kumi na wawili mmemkataa. Wewe mmoja ukipiga kelele nitabadili nini?"

Mdomo uliniponza, na dawa yake haikuwa mdomo tena. Nilikwenda moja kwa moja stoo. Pembeni ya dirisha pana ubao wa misumari ya kutundikia risiti. Nikatundika ufunguo wangu.

Mama Povu aliutazama, akanitazama. "Leo huna haraka?"

"Ninayo, mama. Ndiyo maana."

Nikamwomba radhi palepale, na madereva walipokuja kuona Pilipili anaomba radhi, jambo ambalo hawajawahi kuliona, nikawaeleza habari ya mteremko na kuwapitishia vile vipande viwili vya ringi. Dereva wetu mkongwe alivigeuza kiganjani kwa muda mrefu. Kisha akatoa ufunguo wake na kuutundika karibu na wangu. Saa tatu ilipofika funguo zilikuwa nane, na malori manane yenye mizigo yamesimama kimya.

Meneja alitoka, akaangalia ubao, akaangalia malori. Akainama mwenyewe kuokota ndoo na kumpa mama huyu kupitia mlango wa stoo.

Alianza kwa lori la mkongwe. Kisha la jirani yake, kisha lingine. Langu aliliacha la mwisho. Nilisubiri mpaka saa saba mchana, na sikufungua kinywa.